Kwa nini gemu mpya inakwama hata kwenye kompyuta mpya

Joka lilipumua moto na skrini ikaganda. Haikuganda sana, labda robo ya sekunde, lakini picha iliporudi mhusika wangu alikuwa ameshalala chini. Nikarudia kuanzia mlangoni. Joka lile lile, moto ule ule, na safari hii picha ikaenda laini bila kusita. Nikarudia mara ya tatu kwa makusudi: laini vile vile. Baadaye nikafika kwa adui anayerusha barafu, skrini ikaganda tena, mara moja tu, na basi.

Rafiki niliyemsimulia alijibu hapo hapo: kadi ya picha imechoka, nunua nyingine. Kadi haikuwa imetimiza mwaka. Mwingine akasema ni intaneti, ingawa gemu ile inachezwa peke yako na Wi-Fi nilikuwa nimeizima. Wa tatu akasema watengenezaji wa siku hizi ni wavivu. Majibu haya matatu huyakosi kila inapotoka gemu kubwa, na kwa tatizo la joka langu hakuna hata moja lililogusa penyewe.

Mimi naamini hasira ya wachezaji ina haki. Ila neno “grafiki” limebebeshwa mizigo mingi mno, na mpaka ishushwe mmoja mmoja, watu wataendelea kununua dawa ya kichwa kutibu mguu.

Fremu, na wastani unaoficha mambo

Gemu si filamu. Filamu imeshapigwa na kuhifadhiwa, kazi iliyobaki ni kuionyesha. Gemu haijui kama sekunde ijayo utageuka kushoto au utaruka, kwa hiyo kompyuta inalazimika kuchora kila picha papo hapo. Kila mchoro mmoja unaitwa fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila mchoro umepewa milisekunde 16.7 uwe umekamilika. Ukiridhika na 30, muda unakuwa milisekunde 33.3. Ukitaka 120, umebaki na 8.3.

Kila fremu nayo imejaa nukta za rangi, yaani pikseli. Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Upana umeongezeka mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo kazi imekuwa mara nne. Anayehama kutoka 1080p kwenda 4K kwa kadi ile ile amewaongezea mafundi wale wale kuta mara nne za kupaka, kwa muda ule ule.

Kuna kitu cha tatu ambacho hakiandikwi kwenye boksi: usawa wa mwendo. Chukua gemu inayokwenda fremu 60, kisha fremu moja tu ndani ya dakika nzima ichelewe na kuchukua milisekunde 200. Wastani wa dakika hiyo utasomeka 59.8. Kwenye karatasi hakuna tatizo lolote. Machoni umeona picha imeganda, na kama ulikuwa unakwepa panga, umekufa. Ndiyo maana wapimaji makini hutazama pia ile asilimia 1 ya fremu zilizo mbovu kuliko zote. Mwenye fremu 50 zinazopishana sawasawa anacheza kwa raha kuliko mwenye 90 zinazorukaruka.

Wapo wanaosema jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 30. Si kweli. Filamu ya fremu 24 huonekana laini kwa sababu kamera hunasa ukungu wa mwendo ndani ya kila picha, na kwa sababu mtazamaji hashiki kitu mkononi. Kwenye gemu, tofauti kati ya 30 na 60 unaanza kuisikia kidoleni kabla hujaiona.

Na hili la intaneti tulimalize. Intaneti ikilegea kwenye gemu ya mtandaoni, wachezaji wenzako wataruka kutoka hapa kwenda pale na risasi zako zitachelewa kuhesabiwa, lakini ukizungusha kamera mazingira yanageuka laini. Ukizungusha kamera na dunia nzima ikasita, mtandao hauhusiki.

Msimamizi na vibarua

Fikiria mradi wa ujenzi. Prosesa, yaani CPU, ni msimamizi: anajua nani yuko wapi, mlango upi umefunguliwa, adui ameamua nini, kisha anatoa maagizo. Kadi ya picha, yaani GPU, ni maelfu ya vibarua: kila mmoja ana kazi ndogo, lakini wote wanapaka rangi kwa wakati mmoja. Msimamizi akizidiwa, hata ukileta vibarua wapya mia tano watakaa chini wakisubiri maagizo. Hapo kadi mpya haiongezi kitu, na wengi wamepoteza pesa kwa kutolijua hili.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Ingia kwenye setingi, shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli, hatua moja au mbili, rudi pale pale palipokuwa pazito. Fremu zikipanda sana, vibarua ndio waliokuwa wamezidiwa. Zisipobadilika, mzigo uko kwa msimamizi, na kadi yako haina kosa.

Memori ya kadi nayo inaeleweka vibaya. Ni meza ya fundi. Meza kubwa haimfanyi fundi awe mwepesi wa mikono, lakini ikiwa ndogo mno kwa kazi iliyopo, atakuwa anakimbilia stoo kila dakika. Mwaka 2023 Nvidia, kampuni ya kadi za picha, ilitoa kadi ya RTX 4060 Ti kwa sura mbili, ya GB 8 kwa dola 399 na ya GB 16 kwa dola 499, zote zikiwa na chipu ile ile. Kwenye gemu zinazotosha kwenye meza ndogo, zinakwenda karibu sawa. Gemu ikifurika, ile ya GB 8 inaanza kukwama, au kuta zinabaki na teksicha, yaani picha zinazovishwa juu yake, zenye ukungu na zisizokamilika.

Mkalimani aliyefungua kamusi jukwaani

Sasa turudi kwa joka langu.

Kila moto, maji, kioo na ngozi kwenye gemu vina maelekezo yake madogo yanayoiambia kadi namna ya kuvipaka rangi. Maelekezo hayo huitwa sheda, na gemu kubwa huwa nayo kwa maelfu. Watengenezaji hawawezi kuyaandika kwa lugha ya kila kadi, maana kadi ni nyingi na kila kizazi kina lahaja yake. Kwa hiyo gemu inakuja na maelekezo ya lugha ya pamoja, na kompyuta yako inayatafsiri kwenda lahaja ya kadi yako.

Swali ni lini. Kama tafsiri imefanyika kabla, hutasikia kitu. Kama gemu inasubiri mpaka moto utokee kwa mara ya kwanza ndipo itafsiri, ni sawa na mkalimani anayesimama katikati ya hotuba na kuanza kupekua kamusi huku ukumbi mzima umemtazama. Akishalipata neno halipotezi tena. Ndiyo maana moto wa joka uliganda mara moja na haukurudia, na barafu, kwa kuwa ilikuwa neno jipya, ikaganda upya. Ingekuwa kadi imechoka, ingechoka kila mara.

Konsoli huepuka balaa hili kwa sababu kila PlayStation 5 ya kawaida ina chipu ya aina moja, hivyo tafsiri inafanywa studioni na kufungashwa pamoja na gemu. Steam Deck nayo, mashine ya gemu ya kushika mkononi, kwa kuwa kifaa ni cha namna moja, hupokea tafsiri zilizokwisha kuandaliwa. Kompyuta za kawaida ndizo zinazoumia, hasa tangu DirectX 12, programu inayounganisha gemu na kadi, ilipokuja na Windows 10 mwaka 2015 na kuwakabidhi watengenezaji kazi nyingi ambazo zamani zilibebwa na programu endeshi ya kadi. Studio iliyojipanga inatafsiri zote mwanzoni, ukiwa bado kwenye menyu. Isiyojipanga inakuachia wewe ulipie kwa kuganda. Hapa lawama ni ya mtengenezaji, na hakuna pesa utakayoitoa dukani itakayoiondoa.

Mwanga ulihama

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona gemu za mwaka 2018 bado zinapendeza, na hizi mpya zinataka mashine mara tatu kwa tofauti ndogo hivi? Red Dead Redemption 2 ilitoka mwaka 2018 kwenye PlayStation 4, konsoli ya mwaka 2013, na mpaka leo machweo yake yanamfanya mtu asimamishe farasi atazame.

Jibu liko kwenye mwanga. Kwa miaka mingi studio zilikokotoa sehemu kubwa ya mwanga mapema. Mchoraji anapanga chumba, anaweka taa, kisha kompyuta kubwa za studio zinakesha zikipiga hesabu: mwanga huu ukigonga sakafu nyekundu utarukia ukuta gani, kona ipi ibaki na giza. Matokeo yanapakwa moja kwa moja kwenye kuta kama rangi. Unapocheza, kadi yako haikokotoi kitu, inaonyesha kivuli kilichokwisha kuchorwa. Ni kazi nafuu na inapendeza, mradi ukuta usivunjike na jua lisihame ghafla.

Njia mpya ni kufuata miale. Kadi inarusha miale kutoka machoni pako, inaona inagonga nini, inadunda wapi, inarudi na rangi gani. Kadi za kawaida zenye vifaa maalumu vya kazi hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2018 na familia ya RTX. Unreal Engine 5, injini (programu ya kujengea gemu) iliyotoka rasmi mwaka 2022 na kuenea kwenye studio nyingi, ilileta Lumen, mfumo unaokokotoa mwanga unaodunda papo hapo. Ukivunja ukuta, jua linaingia kweli. Ukiwasha tochi pangoni, miamba iliyo jirani nayo inapata mwanga wa kurudi. Kwa mchoraji ni ukombozi mkubwa, maana haingoji usiku kucha kuona taa aliyoihamisha imefanya nini.

Ila tazama nani analipa. Hesabu iliyokuwa ikifanywa mara moja kwenye kompyuta za studio sasa inafanywa na mashine yako, mara 60 kila sekunde, kwa umeme wako na kwa kadi uliyoinunua wewe. Hapo ndipo ninapoliona fundo lenyewe la malalamiko ya leo. Gharama imehama kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mchezaji, na mchezaji hakuambiwa. Akiona chumba tulivu ambamo hakuna ukuta unaovunjika wala jua linalohama, kinachoonekana karibu sawa na cha mwaka 2018 lakini kinakwenda nusu ya fremu, ana haki ya kuuliza amelipia nini.

Safari nyingine gharama hiyo inageuka mlango uliofungwa. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, inataka kadi yenye vifaa vya kufuata miale. Aliyenunua GTX 1080 Ti mwaka 2017, kadi ya dola 699 iliyokuwa ikitamaniwa na kila mtu, amebaki nje. Lakini gemu hiyo hiyo inafikia fremu 60 hata kwenye Xbox Series S, konsoli ndogo kabisa ya kizazi chake. Kwa hiyo miale peke yake haiui mashine. Inategemea imeshikwa na mkono gani.

Picha za kukisia

Kazi ilipozidi uwezo, ikaja njia ya kukuza picha. DLSS ya Nvidia, FSR ya AMD na XeSS ya Intel zote zina wazo moja: chora pikseli chache, kisha kisia zilizobaki kwa kutazama fremu zilizopita. Ni kama kusikiliza simu yenye mikwaruzo; maneno mengine hukuyasikia, lakini unaijua lugha na ulisikia sentensi iliyotangulia, unajaza mwenyewe. Ukichagua 4K kwa kiwango cha kasi (Performance), kadi kwa kweli inachora 1080p, robo ya pikseli.

Mimi nililipenda wazo hili na bado nalipenda. DLSS ya pili, ya mwaka 2020, ilizipa kadi dhaifu maisha marefu. Lakini kukisia kunahitaji mahali pa kuanzia. Mwenye skrini ya 4K anaanzia pikseli milioni 2. Mwenye 1080p, na kwa takwimu za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hao ndio wengi zaidi, akichagua kiwango cha ubora (Quality) anaanzia 720p, chini ya pikseli milioni moja. Mwangalie mhusika mwenye nywele nyembamba akipita mbele ya ukuta mweupe: ncha za nywele zinachezacheza. Zungusha panga kwa haraka, utaona mkia hafifu wa kivuli ukilifuata. Waya za uzio wa mbali zinakatika na kuungana. Wakisema gemu za leo zina ukungu, wanakiona kitu cha kweli.

Kisha kuna fremu za kutengeneza, nazo ndizo zilizochanganya watu zaidi. Kadi inachora fremu mbili, halafu inabuni nyingine ya kuweka katikati. Fikiri kidogo: ili ubuni ya katikati lazima uwe unayo ya pili tayari. Kwa hiyo ile ya pili inazuiliwa isubiri huku ya kubuni ikionyeshwa kwanza. Picha inaonekana laini zaidi, lakini mkono wako hauhisi wepesi mpya, unaongezewa ucheleweshaji kidogo. Ukiwa tayari una fremu 60 halisi, hutausikia sana. Ukiwa na 25 na kuzigeuza 50, macho yataona 50 na mikono itahisi chini ya 25. AMD wenyewe wanashauri uwe na angalau fremu 60 kabla ya kuiwasha.

Januari 2025 bosi wa Nvidia, Jensen Huang, alisema jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 inatoa uwezo wa RTX 4090, kadi iliyoanza kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilijumuisha fremu za kubuni, hadi tatu kwa kila moja halisi. Mwezi uliofuata ikatoka Monster Hunter Wilds, na kwenye mahitaji yake yaliyopendekezwa kwa kompyuta, fremu 60 za 1080p zilihesabiwa pamoja na fremu za kubuni. Hilo liliniuma. Nyenzo iliyoletwa kama ziada ilikuwa imeandikwa ndani ya kiwango cha kawaida.

Bei nayo

Kadi za Nvidia zenye namba ya 80 zilianza hivi: GTX 1080 mwaka 2016 dola 599, RTX 3080 mwaka 2020 dola 699, RTX 4080 mwaka 2022 dola 1,199, RTX 5080 mwaka 2025 dola 999. Ya juu kabisa, RTX 5090, imeanza kwa dola 1,999. Na jina halikuhakikishii kitu. Septemba 2022 ilitangazwa RTX 4080 ya GB 12 kwa dola 899, ikiwa na chipu tofauti na ndogo kuliko ya mwenzake wa GB 16 mwenye jina lile lile. Watu wakapiga kelele, kampuni ikaiondoa kabla haijauzwa, na Januari 2023 ikarudi kama RTX 4070 Ti kwa dola 799.

Tamaa ya wauzaji ipo, sitaikana, lakini haielezi yote. Zamani kila kizazi cha chipu kilishusha gharama ya kutengeneza uwezo ule ule. Siku hizi teknolojia mpya ya kuchonga chipu ni ghali zaidi, na viwanda vinavyoiweza ni vichache mno, TSMC ya Taiwan ikiwa mbele. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikomba kadi madukani mpaka Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022. Kisha ikaja akili unde. Kituo cha data kinalipa kwa chipu moja pesa ambazo mchezaji hawezi hata kuziota, na memori nayo imefuata njia hiyo hiyo: Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina lake la memori za wanunuzi wa kawaida, ili ihudumie wateja hao wakubwa.

Konsoli hazijapona. PlayStation 3 ilizinduliwa mwaka 2006 kwa dola 499 na 599, na kufikia 2009 ilikuwa dola 299. PlayStation 5 ilianza mwaka 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, bei yake Marekani ikapandishwa hadi dola 549. Aliyezoea kuvumilia akisubiri bei ishuke amesubiri ikapanda.

Kuhusu uvivu

Gemu kutoka ikiwa mbichi si jambo la juzi. Batman: Arkham Knight ya kompyuta iliondolewa sokoni mwaka 2015 muda mfupi tu baada ya kutoka. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake. Ilirudi Juni 2021, na baada ya viraka vingi, yaani masasisho ya kurekebisha makosa, watu wanaisifu. Kwa gemu hiyo, wanaoitwa wavivu ni watu walewale waliokesha miezi kabla ya kutoka na miezi baada ya kutoka. Tarehe huwekwa na wenye fedha, na kusafisha mwendo wa gemu ndiyo kazi ya mwisho kwenye ratiba, hivyo ndiyo inayokatwa tarehe ikikaribia. Ukimlaumu mchoraji, aliyeamua tarehe anapumua.

Ukiwa Steam una kinga moja: unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Kumbuka tu kwamba saa inahesabu tangu programu ifunguke. Ilipotoka The Last of Us Part I ya kompyuta Machi 2023, baadhi ya watu walikaa zaidi ya saa nzima kwenye menyu wakisubiri sheda zijengwe, na hapo bado hawajapiga hata hatua moja. Kwa hiyo ukifungua gemu mpya, sheda zikishakamilika usipoteze muda kwenye utangulizi mzuri wa taratibu. Shusha resolusheni, zima fremu za kubuni, nenda haraka mpaka penye mapigano ya kwanza, utazame moto unapowaka kwa mara ya kwanza, halafu utazame unapowaka kwa mara ya pili.